Muulize Fundi: Ngao za Wazulu nipake rangi gani?

SWALI: Shikamoo Fundi. Bro wangu yuko Uingereza kaniletea boksi la wanajeshi wadogo wa plastiki, Wazulu, wale wa milimita 28, nataka tucheze vita ya Isandlwana, ile ya 1879 Wazulu na Waingereza kule Afrika Kusini, na washkaji. Sasa ngao ndo zimenishinda, nimepaka zote nyeupe nikaweka madoa meusi ya duara, zimetoka kama dadu za ludo. Na ile mistari midogo ya katikati ni ya nini, lazima niipake? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba kijana. Hapo huchori pambo, unapaka ngozi ya ng'ombe, tena ng'ombe wa mfalme, maana ngao za vita zilikuwa mali yake na kila kikosi kilipewa za rangi yake kutoka kwenye mifugo hiyo. Kwa ujumla vijana ambao hawajaoa walibeba nyeusi au za rangi ya giza, waliooa wakabeba nyeupe, kwahiyo kikosi cha uThulwana, wale watu wazima waliopigana Rorke's Drift, kituo cha Waingereza karibu na Isandlwana, ukiwapa ngao nyeusi mjuzi atakucheka. Ila kufikia 1879 utaratibu ulishalegea, so vijana kama wa kikosi cha iNgobamakhosi we wachanganyie tu, nyeusi, kahawia, za mabaka, poa kabisa.

Madoa sasa. Ng'ombe gani ana doa la duara jamani? Muangalie wa kienyeji yeyote hapo mtaani, baka lina kingo zilizochanikachanika na pembeni yake vidoa vidogo vimetawanyika, hiyo unaipata kwa kupigapiga kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, sio brashi. Nyeupe usiipake kama ilivyo, tia tone la kahawia, na nyeusi hivyohivyo.

Mistari ni lazima. Ni vipande vya ngozi vilivyopitishwa kwenye matundu, safu mbili toka juu mpaka chini, ndo vinashika fimbo ya nyuma. Ngao nyeusi vipande vyeupe, ngao nyeupe vipande vyeusi. Usijitese kuchora kimoja kimoja, piga mistari miwili myembamba ya wima halafu ikatekate kwa rangi ya ngao, mkono ukitetemeka kidogo wala haionekani.

Kama boksi lina saizi mbili usitupe yoyote: kubwa ni isihlangu, ya zamani, ndogo ni umbhumbuluzo, iliyoingizwa na upande wa Cetshwayo, aliyekuja kuwa mfalme wa Wazulu, kwenye vita ya 1856 dhidi ya nduguye Mbuyazi, na 1879 zote zilikuwepo vitani. Ndogo ilikuwa kama mita moja, kwa wanajeshi wako ni milimita 18 hivi.

Halafu zipake kabla hujazigandisha mkononi, na vanishi iwe ya kufifia, isiyong'aa.