Vidole vya miguu ndo vilinifundisha Kiingereza

Nilijua muhanga kwa Kiingereza anaitwa "aardvark" kabla sijajua malengelenge yanaitwaje, na kazi yangu mi ni kupanda mlima Kilimanjaro na wageni. Muhanga sijawahi kukutana naye hata siku moja. Malengelenge nayaona kila safari. Ilikuwa hivi, nilipoamua kujifunza Kiingereza nilinunua dikshenari ya mtumba, haina kava, nkaanza herufi A kama mtu anayelima shamba, maneno 20 kila siku, usiku nakariri asubuhi yameshatoka. Nilifika "acquire" nkachoka. Herufi B ya ile dikshenari mpaka leo sijui ina nini.

Naandika hii kwa sababu wadogo zangu wengi hapa Moshi, wagumu (ndo wapagazi wa mlimani), wapishi, madogo wa hotelini, wananiuliza "bro we kozi ulisomea wapi?" na nikisema sikusoma kozi wanahisi nawabania. Sikusoma kweli. Msingi nimesoma kwa Kiswahili kama wengi wenu, nkaingia fomu wani ghafla baiolojia Kiingereza, jiografia Kiingereza, historia Kiingereza, nkawa nakariri notisi bila kujua nakariri nini, yani ningeweza kukuandikia photosynthesis ni nini mstari kwa mstari lakini mtu akiniuliza umelalaje naganda. Fomu foo ikaisha na matokeo yake tuyaache hukohuko, nkaingia mlimani kubeba.

Sasa siku yenyewe ya vidole. Safari ya njia ya Machame, usiku wa kwenda kileleni, gaidi msaidizi kaamka anaumwa tumbo (gaidi wa watalii jamani, siyo yule wa taarifa ya habari) na gaidi mkuu akanijia hemani, "dogo vaa, unapanda na sisi, utambebea mama maji." Nikavaa kila nilichonacho. Tumetoka kambi ya Barafu usiku wa manane, tunakwenda pole pole, mbele naona taa za kichwani tu zimejipanga kama siafu, na karibu saa kumi na moja alfajiri, Stella Point, pale ukingoni karibu na kilele, bado hatujaiona, yule mama akasimama akanigeukia akasema "my toes are numb."

Mi nikasikia namba. Nkajua anataka namba ya mlima, mita ngapi, nkamjibu kwa kujiamini kabisa, "five eight nine five!"

Akaniangalia. Akarudia taratibu, "my toes." Nkaona hapa kuna shida ya vidole, nkamshika mikono nkaanza kumsugua vidole vya mikono, na glavu zake juu. Gaidi aligeuka akaona ile sinema, akaja akapiga goti kwenye changarawe, akamlegeza kamba za viatu, akamwambia "wiggle your toes, mama, wiggle," na mama akawa anachezesha vidole ndani ya kiatu mpaka damu ikarudi. Tuliporudi kambini gaidi akaniambia, "dogo, vidole vya mtu vinaganda we unampa urefu wa mlima." Hakunisema sana. Lakini safari nzima ya kushuka wagumu walikuwa wananiita Namba.

Nilivyotulia nkagundua kitu. Sisi kidole ni kidole, kiwe cha mkono kiwe cha mguu. Wao "finger" ni cha mkono, "toe" ni cha mguu, na kidole gumba cha mkono wamekipa jina lake peke yake, "thumb". Mkono wetu mmoja wao wanaukata mara mbili, "arm" na "hand". Mguu hivohivo, "leg" na "foot". Kwa hiyo mi nilikuwa nimekariri "finger ni kidole" nkadhani nimemaliza biashara ya vidole. Na hilo "numb" kwa macho nilikuwa nimeshaliona mahali, ningeliona kwenye karatasi labda ningekumbuka ganzi, ila kwa sikio halikufika kwa sababu ile b ya mwisho haisomwi. Kama ilivyo "thumb", kama ilivyo "comb", kama "climb" yenyewe ambayo mji mzima huu tunakula kwayo na bado tunasema klaimbu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ukiishia hapa umepata nusu: kulijua neno ukiliona ni tofauti na kulitoa kichwani ukilihitaji, na zoezi la kusomasoma orodha linakupa lile la kwanza tu. Unasoma orodha, kila neno unasema hili nalijua, hili nalijua, unafunga daftari unajiona profesa. Funika upande wa Kiingereza, angalia Kiswahili, jilazimishe kulitoa mwenyewe, kwa sauti. Utaona aibu. Nilifanya mara ya kwanza kwenye maneno 30 ambayo nilikuwa "nayajua", nkatoa 11.

Mfumo ninaotumia nilipewa na mgeni mmoja Mjerumani, mwalimu, tulikuwa tunashuka kwenda Mweka anachechemea magoti, kwa hiyo muda wa stori ulikuwa mwingi. Akaniambia kwao kuna mtu anaitwa Hermann Ebbinghaus, mwaka 1885 alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, anakariri vijineno visivyo na maana halafu anapima baada ya muda amebakiza kiasi gani, akakuta kusahau kunakuja kwa kasi sana mwanzoni halafu kunapunguza mwendo. Mi nikasema huyo mzee angeniuliza mimi na dikshenari yangu ya A. Halafu akanieleza habari za kadi na visanduku, kitu alichokieneza Sebastian Leitner miaka ya 1970. Mi sanduku siwezi kupanda nalo mlima kwa hiyo nikafanya bahasha.

Nilinunua manila moja, nikaikata vipande vya saizi ya kadi ya simu. Mbele Kiswahili, nyuma Kiingereza. Bahasha tatu za kaki. Neno jipya linaanza bahasha ya kwanza, hiyo unaipitia kila siku. Ukilitoa sawasawa linahamia ya pili, ambayo unaigusa kila baada ya siku tatu. Ukipatia tena linaenda ya tatu, mara moja kwa wiki. Na ukikosea popote pale, hata kama lilikuwa bahasha ya tatu linakaribia kustaafu, linarudi ya kwanza bila huruma. Uzuri wake ni kwamba yale magumu unakutana nayo kila siku na yale mepesi hayakupotezei muda, tofauti na daftari ambalo kila siku unaanza ukurasa wa kwanza, ukurasa wa kwanza unaujua kama baba yetu uliye mbinguni na wa kumi hujawahi kuufikia.

Kosa nililofanya nilikuwa na tamaa. Kadi 40 mpya kwa siku moja, ilikuwa Aprili, mvua za masika, mlimani hamna kazi, nikasema nitamaliza Kiingereza chote kabla ya Juni. Ndani ya wiki mbili bahasha ya kwanza haifungi, nikaichukia, ikakaa juu ya kabati. Sasa hivi naweka tano, siku nikiwa na nguvu saba. Robo saa asubuhi kabla ya chai basi. Mlimani natembea na kadi kama 15 zimefungwa rababendi mfuko wa koti, nazipitia wageni wakiwa wanakula.

Maneno unayatoa wapi? Hapa ndo naona watu wengi wanakosea, hata zile programu za simu, nilipakua moja ikanifundisha mwezi mzima kwamba tufaha ni jekundu na mvulana anakula tufaha. Nani ananiuliza habari za tufaha Shira kambini? Chukua maneno kwenye kazi yako. Kila siku kuna kitu ulitaka kusema ukashindwa, ukaonyesha kwa mikono. Kiandike kwa Kiswahili hapohapo, jioni tafuta Kiingereza chake. Kadi zangu za mwanzo zilikuwa malengelenge, kichefuchefu, kizunguzungu, mteremko mkali, utelezi, soksi zimelowa. Wewe wa jikoni zako zitakuwa kukaanga, kuchemsha, kuungua, na fundi pikipiki zake atazijua mwenyewe.

Na Memorial, soko letu hapa Moshi. Mkienda Memorial kwenye mitumba kuchagua koti msitafute saizi tu, someni kile kitambaa kidogo cha ndani. Mi nilisimama pale siku moja na koti moja la bluu mpaka muuzaji akaniuliza "kaka unanunua au unasali?" Lilikuwa limeandikwa "shell", "lining", halafu "fill: down". Nikajiuliza, down si chini? Koti la chini? Kumbe ni manyoya laini ya bata, ndo maana wageni wanasema "down jacket" na mi miaka yote nilidhani ni koti la kuvaa ukishuka. Koti lenyewe sikununua, bei ilinishinda, ila nilitoka na maneno sita bure.

Kuna zoezi lingine ambalo nalipenda kuliko yote, nililibuni mwenyewe japo nadhani wengine wanalo. Unachukua neno moja la Kiswahili ambalo sisi tunalitumikisha kama punda, halafu unaliandikia sentensi kumi. Anza na piga. Piga simu, piga picha, piga pasi, piga mswaki, piga kelele, piga magoti, piga chafya. Sasa jaza Kiingereza cha kila moja. "Call", "take a picture", "iron", "brush", "make noise", "kneel", "sneeze". Hakuna hata moja yenye "beat"! Nilipoona hivo nikaelewa kwa nini Kiingereza changu kilikuwa kinachekesha, nilikuwa nachukua neno la Kiswahili naliingiza kwenye mashine linatoka limevunjika. Ndo maana tunasema "drink medicine", dawa kwao "wanai-take" hata kama ni ya maji. Azima pia, sisi nimeazima na niazime ni neno hilohilo, wao anayechukua "ana-borrow" anayetoa "ana-lend", na "borrow me your pen" ndo wimbo wa taifa wa sekondari zetu. Kwa hiyo kwenye kadi siandiki tena neno tupu, naandika kipande cha sentensi na pengo. "Can you ____ me your torch?" Hapo hauna pa kujificha.

Kuna maneno hata hayana mwenzake. Pole. Mgeni akijikwaa kwenye jiwe nasema "sorry, sorry," ananijibu "why, it's not your fault," anashangaa nimekosa nini. Hiyo sina kadi yake, siku hizi nasema "are you okay?" halafu pole nasema kwa Kiswahili, wenyewe wanaipenda.

Mtu wa kukuuliza anasaidia pia. Mi ananiuliza jirani yangu hapa Pasua anayekaanga vitumbua, yeye anashika kadi na mkono wenye unga, anasoma Kiswahili mi natoa Kiingereza, nikikosea hanipi kitumbua cha bure. Kadi zangu zote zina mafuta. Naye ameshaokota maneno yake humo, juzi kamwambia mteja "be careful, it's hot," mteja mwenyewe Mchaga wa Kibosho.

Bahasha ya kwanza wiki hii ina kadi 14. "Though", "through" na "thorough" zimo humo tangu mwaka juzi, zikipanda ya pili zinakaa siku tatu zinarudi nyumbani.