Usukani wa Hilux umegoma kutoka

SWALI: Fundi shikamoo. Nina Hilux ya 1996 nabebea viazi huku Njombe, usukani wake umepasukapasuka unanikata viganja sasa nimepata mwingine mzima. Nati nimeshatoa lakini usukani umeng'ang'ania, nimevuta mpaka mgongo unauma. Jirani anasema niugonge na nyundo hapo katikati, ni sawa? Na shemeji yangu ana Vigo ya 2010 anataka kubadili pia, njia ni hiyohiyo?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo nyundo mrudishie jirani leo hii. Shafti ya usukani imetengenezwa ijikunje ukipata ajali ili isikuchome kifuani, na ndani kuna pini za plastiki, ukigonga zinakatika halafu usukani unabaki unacheza.

Kwanza hapo katikati soma, kama pameandikwa SRS kuna eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka ukipata ajali), simama ufuate maelezo ya shemeji hapo chini. Kama hakuna, nyoosha matairi ya mbele, piga alama kwenye shafti na kwenye usukani zikitazamana, ukirudisha hautakaa upande. Nati (ile ya spana 19) irudishie raundi tatu nne tu usiikaze, maana ukiwa huna nati usukani ukiachia ghafla unakuja nao usoni, nimeona mtu ameng'oka jino kwa hilo. Puliza WD-40 (dawa ya kulegeza vilivyong'ang'ania) kwenye meno ya shafti uache kidogo. Halafu tafuta pula ya usukani (kifaa cha kuuvuta utoke), gereji nyingi wanayo watakuazima, bolti zake mbili zinaingia kwenye yale matundu mawili pembeni ya nati, usizizamishe sana. Kaza ile ya katikati polepole utasikia ko! umeachia.

Ya shemeji ni habari nyingine, naomba asiguse bila kunielewa. Eabegi inalipuka kwa baruti, inavunja mkono. Atoe waya hasi wa betri, asubiri sekunde 90 kamili, hapo ndio afungue zile skrubu mbili za nyota T30 za pembeni ya usukani, achomoe soketi ya njano taratibu, eabegi ailaze uso ukitazama juu, asiifunike na kitu. Chini ya usukani kuna utepe wa waya umejiviringisha, akiuzungusha ovyo unakatika, honi inakufa na taa ya eabegi inawaka, kwahiyo aufunge na tepu ya karatasi usisogee mpaka usukani mpya umekaa.