Kupunguza mwanga wa sabufa na redio chumbani: jua kwanza ni taa ya aina gani

Mkuu, umeuliza namna ya kufifisha mwanga wa sabufa na redio kwenye chumba cha kupanga hapo mtaa wa Mwanga, Kigoma, kwa kuwa namba nyekundu na ile taa ya bluu zinapiga moja kwa moja kwenye chandarua na mtoto hapati usingizi. Tepu nyeusi ya umeme uliyoshauriwa kubandika iache iwe ya mwisho. Kabla yake kuna mambo kadhaa ya kujaribu, na mengi hayahitaji hata bisibisi.

Anza na rimoti, tafuta kitufe cha DIMMER, yaani cha kufifisha mwanga. Amplifaya nyingi za Denon zenye kitufe hicho hushuka ngazi kila ukibonyeza: mwanga kamili, hafifu, hafifu zaidi, kisha kioo cha maandishi kinazimika kabisa. Ukiongeza sauti kinawaka kidogo kukuonyesha, halafu kinajizima chenyewe. Yamaha nyingi za toleo la RX-V wameificha ndani ya menyu ya Setup kwa jina la Dimmer, kuanzia 0 hadi -4, na -4 ndiyo giza kuliko zote. Kuna pia hali ya Pure Direct, ambayo huzima kioo, lakini huzima na saketi za picha zilizo ndani, kwa hiyo kama TV inapitia kwenye amplifaya hiyo picha inaweza kukatika. Redio nyingi za LG za spika mbili hutumia kitufe cha SLEEP: ukikibonyeza mara moja kioo kinafifia, ukiendelea kubonyeza ndipo unaingia kwenye muda wa kujizima.

Redio ikiwa imezimwa lakini maandishi bado yanakimbia na rangi zinacheza, hiyo ni DEMO, imewekwa kuvutia wateja dukani. Kwenye Sony nyingi za MHC, redio ikiwa imezimwa, bonyeza DISPLAY mpaka kioo kitulie. Umeme ukikatika na kurudi, baadhi ya redio husahau mpangilio wote na DEMO inaanza upya, saa nayo inapepesa. Siyo kwamba imeharibika. Rudia hatua ileile.

Tatizo kubwa ni sabufa za bei nafuu. Hizi mara nyingi hazina DIMMER kwenye rimoti wala menyu ya aina yoyote. Dawa yake nzuri kuliko zote ni tinti ya gari. Mafundi wa tinti wana vipande wanavyotupa, na wewe unahitaji cha upana wa vidole vitatu tu. Namba ya tinti ni asilimia ya mwanga inaoupitisha: ya 20 hupitisha moja ya tano, ukiweka mbili zinapitisha asilimia 4. Ya 35 ukiweka mbili unabaki na kama asilimia 12. Kwa namba nyekundu za sabufa chumba kikiwa giza, tabaka mbili za 20 zinatosha: ukisogea unasoma, kitandani hazikusumbui.

Kata tinti izidi dirisha la namba kwa milimita 2 kila upande. Ina plastiki mbili zilizoshikana na ni vigumu kuzitenganisha kwa kucha. Bandika kipande cha selotepu pembeni upande huu na kingine upande wa pili, vuta kwa pamoja, zitaachana. Lowesha upande wenye gundi kwa maji yenye tone la sabuni. Lowesha tinti, usiinyunyizie sabufa, na iwe imechomolewa kwenye soketi. Ibandike, kisha sukuma maji yatoke kwa ukingo wa kadi ya plastiki. Acha ikauke vizuri kabla ya kuwasha.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: jicho linalopokea rimoti mara nyingi liko nyuma ya kioo hichohicho. Kulitafuta, funika kioo kwa kidole sehemu kwa sehemu huku unabonyeza rimoti. Pale inapogoma ndipo lilipo. Tinti ya kawaida ya rangi hupitisha mwanga wa rimoti, lakini yenye metali au ya seramiki mara nyingi huuzuia. Jaribu kabla ya kubandika: elekeza rimoti kwenye kamera ya mbele ya simu, bonyeza, utaona taa ya zambarau au nyeupe kwenye ncha. Weka tinti katikati. Taa ikipotea, tafuta tinti nyingine au kata tundu mahali pa jicho.

Tepu ya umeme naipinga kwa sababu ya joto. Gundi yake huyeyuka, tepu inateleza, unabaki ulimbo mweusi unaoshika vumbi. Kama umeshabandika, paka mafuta ya kupikia meupe, subiri dakika 10, futa, kisha osha kwa kitambaa chenye sabuni. Usitumie mawese, yataacha rangi kwenye plastiki nyeupe. Thina na petroli ndiyo mbaya zaidi, kioo cha plastiki kinapata ukungu ambao hautoki tena.

Ile taa moja ya bluu ya pawa inaweza kutibiwa kwa rezista, kile kipande kidogo kinachopunguza umeme. Mara nyingi inalishwa volti 5 kupitia rezista ya omu 330. Bluu yenyewe inakula kama volti 3, zinabaki 2, kwa hiyo inapita kama miliampea 6. Fundi akiweka kilo-omu 10 inapita miliampea 0.2 tu, na bado utaiona gizani. Nyekundu inakula kama volti 2, kwake kilo-omu 4.7 inatosha.

Namba ni habari nyingine. Fundi asiweke rezista moja kwenye waya wa pamoja wa tarakimu: 1 ina vipande viwili vya taa na 8 ina saba vinavyogawana umeme uleule, kwa hiyo 1 itang'aa na 8 itafifia. Kama kila kipande kina rezista yake, zibadilishwe zote kwa kipimo kimoja. Moduli nyingi za USB na Bluetooth hazina rezista hizo kabisa, chipu inaendesha namba moja kwa moja kwa pini chache zinazoshirikiana. Hapo usikate kitu, baki na tinti. Na sabufa ikichomolewa, kapasita kubwa, zinazohifadhi umeme, bado zina chaji: upande wa umeme wa soketi zinaweza kushika zaidi ya volti 300. Asiyejua kuzitoa chaji asiifungue.

Kioo cha kijani-bluu chenye nyuzi nyembamba ukikitazama kwa karibu, kinachoonekana kwenye redio za zamani, kisiguswe ndani. Nyuzi hizo zina umeme wake maalumu, ukiupunguza, mwanga unakuwa wa mabaka. Kififishe kwa DIMMER au tinti. Kikizimwa usiku kinadumu zaidi, kwa sababu vipande vinavyowaka muda wote, hasa vya saa, ndivyo huchakaa mapema.

Na kama usiku husikilizi kitu, ekstensheni yenye swichi inamaliza yote. Shusha sauti, zima kwa kitufe cha sabufa yenyewe, ndipo uzime ekstensheni, la sivyo spika itapiga kishindo. Saa ya redio itapotea, hilo halikwepeki.

Kabla fundi hajagusa chochote, weka hapa picha ya bodi ya mbele upande wa nyuma, tuone kama rezista za namba zipo.