Bwawa limekuwa kijani kama rangi: tutie mrututu?

Ndugu Mhariri, mji wetu mdogo karibu na Kitale una bwawa la kuchimbwa la ekari 8. Tangu mvua za Aprili maji ni kijani na yananuka. Mfanyabiashara ametuletea bei ya mrututu. Tununue?
Mwanakamati, Trans Nzoia

Msinunue. Mrututu, ile chumvi ya bluu ya shaba, huua mwani kweli (vijimea vidogo vinavyoyapa maji rangi ya kijani), na baada ya siku mbili tatu kila mtu atasema bwawa limepona. Lakini mwani uliokufa huzama na kuoza, na kuoza huko hula oksijeni ya samaki. Ukiwa ni mwani wa bluu-kijani, seli zikipasuka sumu iliyokuwa ndani yake humwagika majini kwa mkupuo. Shaba ya mrututu nayo haiozi, hulala kwenye tope. Chakula kilichoustawisha mwani kitakuwa bado kimo, kwa hiyo mtarudi dukani.

Anzeni kwa kujua mna mwani gani. Jazeni maji ya bwawa kwenye chupa inayoona ndani, muiache imesimama usiku kucha. Udongo utatua chini. Mwani wa bluu-kijani utapanda juu na kutanda kama rangi ya mafuta, kwa kuwa seli zake zina vifuko vya hewa. Mkiona utando huo, wekeni kibao leo hii: watoto wasiogelee, ng'ombe wasinyweshwe, mbwa wasiachiwe.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo penye jibu. Ekari 8 ni kama mita za mraba 32,000. Panda mashua na kamba yenye jiwe, mafundo kila nusu mita, mpime kina sehemu 30 hivi na kutafuta wastani. Tuseme mmepata mita 2: bwawa lina mita za ujazo 65,000. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP una takriban kilo 10 za fosforasi, chakula kikuu cha mwani. Mfuko mmoja ukiishia bwawani, kila lita huongezewa mikrogramu 150 hivi, na ziwa lenye 30 tu tayari huhesabiwa kuwa na rutuba ya kupita kiasi. Mfuko haumwagiki wote mara moja, ni kweli. Ila hesabuni mifuko inayotiwa mashambani juu ya bwawa lenu wakati wa kupanda mahindi, wiki zile zile mvua kubwa inapoanza. Ongezeni vyoo vya shimo, maji ya kufulia na vijana wanaoosha bodaboda kwenye mtaro.

Tembeeni mitaro yote mara mbili. Mara ya kwanza mvua ikinyesha, muone mtaro upi unaleta maji mekundu. Mara ya pili Januari, kukiwa kukavu. Mtaro unaotiririka Januari hauna maji ya mvua, huenda una maji ya choo au ya bafu la mtu, na huo ndio wa kufuatwa hadi mlangoni kwake.

Pale maji yanapoingilia, chimbeni kidimbwi cha kunasa tope chenye ukubwa wa karibu sehemu moja ya kumi ya bwawa, kina mita 1 hadi 1.5, kikitengwa na bwawa kubwa kwa ukuta wa mawe ndani ya nyavu za waya. Fosforasi nyingi husafiri imeshikamana na chembe za udongo, hivyo ukinasa udongo umeinasa nayo. Kosa la kawaida ni kusahau njia ya ekskaveta. Kidimbwi hujaa, hakuna mashine inayokifikia, na tope huanza kupita juu kama zamani. Zoeni kikifika nusu. Fosforasi iliyoyeyuka itapita, nayo hunyonywa na mafunjo na matete kwenye kingo zenye kina cha sentimita 30 hadi 50. Lakini majani hayo sharti yakatwe na kubebwa mbali. Yakifia humo humo, yanarudisha yote yaliyonyonya.

Hata mkiziba kila mtaro, bwawa linaweza kukaa kijani miaka kadhaa. Tope la chini likikosa oksijeni huachia fosforasi yake irudi majini. Likiwa nene, dawa ni kulifukua wakati wa kiangazi, mkiwa na vibali vya WRA (mamlaka ya rasilimali za maji) na NEMA (mamlaka ya mazingira), na kulipeleka mbali na ukingo ili mvua isilirudishe. Linafaa mashambani, isipokuwa lililotoka mbele ya mtaro wa gereji: hilo lipimwe metali nzito kwanza.

Kupima maendeleo hakuhitaji maabara. Kateni kisahani cha bati chenye upana wa sentimita 20, mgawe robo nne, mbili nyeupe na mbili nyeusi, mkifunge uzito na kamba yenye alama. Kila wiki mbili, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kishusheni upande wa mashua wenye kivuli hadi kipotee, mkivute hadi kionekane, muandike wastani wa vina hivyo viwili: kina kikiongezeka, maji yanazidi kuwa safi. Afadhali apime mtu yule yule kila mara, maana macho hutofautiana.

Hamjambo wataalamu. Bwawa letu lina chemchemi ya umeme inayorusha maji juu kuanzia asubuhi hadi jioni, na bado samaki wanaelea wamekufa alfajiri. Kwa nini?
Msomaji, Kakamega

Inafanya kazi wakati usio wake. Mchana mwani wenyewe hutoa oksijeni. Usiku huivuta, pamoja na samaki na tope linalooza, na upungufu hufikia kilele kabla tu ya jua kuchomoza. Washeni saa nne usiku, mzime saa mbili asubuhi. Siku za mawingu mfululizo msizime kabisa, na msiwape samaki chakula, kwa kuwa mabaki yake nayo huoza. Ngege huvumilia upungufu, kwa hiyo ngege wakianza kuhema juu ya maji mjue hali ni mbaya sana.

Chemchemi ya aina hiyo, tuseme wazi, ni pambo zaidi kuliko kifaa: hurusha maji ya juu tu. Kinachofika chini ni kompresa ukingoni inayosukuma hewa kwa mabomba hadi kwenye visahani vya mpira vilivyolazwa sakafuni. Msiiwashe kutwa nzima siku ya kwanza. Itapandisha maji ya chini yasiyo na oksijeni, yenye harufu ya mayai viza, na kuua samaki waliobaki. Anzeni na nusu saa mchana, kisha mwongeze maradufu kila siku.

Maji ya kidimbwi chetu ni kahawia mwaka mzima. Shabu itasaidia?
Mkulima, Njoro

Kahawia ni udongo, si mwani, na udongo wa majivu ya volkano wa huko kwenu hubebwa upesi. Shabu huutua, lakini jaribu kwenye ndoo kwanza. Chukua ndoo tatu za lita 20 za maji hayo, tia nusu gramu, gramu 1 na gramu 2, koroga kwa nguvu dakika moja, kisha polepole dakika kumi, uache saa moja. Ndoo ya gramu 1 ni sawa na gramu 50 kwa mita ya ujazo, yaani mifuko 10 ya kilo 50 kwa kidimbwi cha mita za ujazo 10,000. Chagua kipimo kidogo kinachotosha.

Angalia pH pia, yaani kipimo cha uchachu wa maji. Kila gramu ya shabu humeza karibu nusu gramu ya alkaliniti (kinga ya maji dhidi ya uchachu), na pH ikishuka chini ya 6 alumini iliyomo kwenye shabu huwa sumu kwa samaki. Alkaliniti ikiwa chini ya miligramu 50 kwa lita, andaa chokaa. Na kama korongo juu ya kidimbwi halijazibwa na kambare bado wanafukua sakafu, okoa pesa yako: wiki ya mvua itayarudisha yale yale.

Tukichemsha maji ya bwawa lenye utando wa kijani, ni salama kunywa?
Mama wa watoto wanne, Busia

Hapana, mama. Kuchemsha huua vijidudu vya kuhara na kipindupindu, lakini sumu ya mwani wa bluu-kijani haiondoki kwa moto, na seli zikipasuka sufuriani huimwaga zaidi. Klorini ikitiwa kwenye maji yenye mwani ulio hai huzipasua seli zake vilevile. Utando ukiwepo, chota kwenye kisima au tumia maji ya mvua, hata kwa kupikia.