Btrfs: kubana folda moja tu na kuziacha nyingine

Ndugu uliyeuliza namna ya kubana folda ya kumbukumbu za mauzo kwenye Btrfs (mfumo wa faili wa Linux) bila kugusa picha wala hifadhidata, nakujibu kwa niliyoyapitia kwenye kompyuta ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Moshi, ambayo diski yake ilikuwa inakaribia kujaa ilhali sehemu kubwa ya faili zake ni maandishi matupu.

Nilianza kwa kuiwekea folda alama kwa amri ya `chattr +c mauzo`, nikaamini kazi imekwisha. Wiki mbili baadaye nafasi ilikuwa haijaongezeka hata kidogo. Alama hiyo hurithiwa na faili zitakazoundwa ndani ya folda kuanzia hapo. Zilizokuwamo hubaki zilivyo mpaka ziandikwe upya. Hata ukizitoa na kuzirudisha kwa `mv` ndani ya diski hiyohiyo hupati kitu, kwa kuwa data yenyewe haisogei.

Siku hizi natumia `btrfs property set mauzo compression zstd`, ambayo huniwezesha kuchagua aina ya ubanaji (hapa ni zstd), kisha faili za zamani nazipitisha kwenye `btrfs filesystem defragment -r -czstd mauzo`. Hapo naomba uwe mwangalifu sana: kama una snapshoti (nakala za hali ya faili za wakati fulani, zinazotumia data ileile na faili za sasa), amri hii ya pili hutenganisha data iliyokuwa inatumiwa kwa pamoja, na diski inaweza kujaa zaidi. Mimi nilinakili kila kitu kwenye diski ya nje, nikafuta snapshoti za zamani, ndipo nikaiendesha.

Matokeo usiyapime kwa `ls` wala `du`, maana zote mbili huonyesha ukubwa wa kabla ya kubanwa. Sakinisha `compsize`, programu inayoonyesha nafasi halisi iliyotumika kwenye diski; kwangu ilionyesha folda ya mauzo imeshuka hadi asilimia 27 ya ukubwa wake wa awali, na ndipo nikapumua.

Picha za JPEG ziache, kwani zimeshabanwa tangu zilipotoka kwenye kamera. Usiweke chaguo la `compress-force` kwenye `fstab` (faili ya mipangilio ya kuunganisha diski), kwa sababu hiyo hulazimisha jaribio kwa kila faili ya diski nzima, wakati wewe unataka folda moja.

Kuhusu hifadhidata, wengi watakushauri `chattr +C`, kwa herufi kubwa. Ni kweli huzuia ubanaji, lakini pia huondoa ukaguzi wa uzima wa data, na kwa daftari la madeni ya wateja mimi sikukubali kuupoteza. Folda yake niliiacha bila alama yoyote.