Kwa mnaoanza kazi kiwandani: kichwa nacho huchoka

Siku za mwanzo utaonyeshwa jinsi ya kuvaa glavu na kuzima mashine ikikwama. Kuhusu kichwa chako huenda usiambiwe lolote, basi ngoja niseme mimi niliyezeekea kwenye laini ya uzalishaji.

Wengi hudhani kinachomaliza watu ni uzito wa kazi. Nimeona wapakizi wa magunia wakilowa jasho huku wakitaniana, na wafunga vifuniko, kazi nyepesi kabisa, wakinyong'onyea mwezi hadi mwezi. Mtafiti Robert Karasek alilieleza hili mwaka 1979: msongo huwa mkali zaidi pale shinikizo linapokuwa kubwa na mfanyakazi hana kauli juu ya kazi yake. Kwenye laini kasi hupangwa na mashine, na hata chooni huendi bila ruhusa.

Kwa hiyo tafuta kila pembe unayoweza kuiamua mwenyewe. Jifunze mashine zaidi ya moja, upate sababu ya kuomba kubadilishiwa nafasi. Mapumziko yako yachukue yote, mbali na kelele. Tageti ikionekana haifikiki, mwambieni msimamizi mapema, tena mkiwa wawili watatu. Akija kukuta pungufu zamu imeisha, hilo litaitwa uvivu.

Zamu ya usiku haizoeleki kama watu wanavyojisifu. Tia chumba giza, waombe wa nyumbani wakuache ulale. Mkipata nafasi ya kujadili ratiba, ombeni mzunguko uanze asubuhi, uende mchana, kisha usiku. Kuurudisha nyuma huvuruga usingizi zaidi. Ovataimu nayo ina tamu yake, sikatai, ila Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitangaza mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huongeza hatari ya kiharusi kwa takriban asilimia 35, ukilinganisha na saa 35 hadi 40.

Jichunguze: unafoka nyumbani kwa jambo dogo, unasahau hatua unazozijua, umechoka lakini usingizi hauji, au unakunywa pombe ili ulale. Huzuni ikidumu wiki mbili, nenda kituo cha afya, sonona, yaani ugonjwa wa huzuni ya muda mrefu, inatibika. Mawazo ya kujidhuru hayangoji hata siku moja, mwambie mtu papo hapo. Na daktari mweleze unafanya zamu gani na mashine gani, maana dawa nyingine huleta usingizi.