Kitabu cha gofu cha kwenda nacho likizo: inategemea fimbo unazo au huna

Mleta uzi ana wiki moja ya mapumziko, handikapu 24 (kwa kawaida anazidi kiwango cha uwanja kwa mapigo kama 24), mpira wake unakata kulia kila mara, na anauliza abebe kitabu gani.

Kwanza amua: fimbo unakwenda nazo, au zinabaki nyumbani? Zikibaki, vitabu vya kufundisha mapigo viache pia. Mtu akisoma maelekezo ya mabega, nyonga na viganja siku saba bila kugusa mpira, anarudi na mambo chungu nzima kichwani ambayo hajajaribu hata moja. Akisimama kwenye shimo la kwanza anayakumbuka yote kwa mkupuo, mikono inakakamaa, mpira unaishia vichakani.

Kama fimbo zipo, wengi watakutajia Five Lessons ya bingwa wa Marekani Ben Hogan (1957). Ni kitabu chembamba na kizuri, lakini kwa tatizo lako kisome kwa tahadhari. Hogan alihangaika miaka mingi na mpira unaopinda kushoto, kinyume kabisa na wako, na mafundisho yake yanauzuia huo wa kwake. Tazama mshiko: kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, anataka ile V ya kidole gumba na cha shahada ya mkono wa kushoto ielekee jicho la kulia, na V ya mkono wa kulia ielekee kidevuni. Ukiuiga mshiko huo kama ulivyo, uso wa fimbo unaweza kuchelewa kufunga (kugeukia kushoto), na mpira ukazidi kukata. Zungusha mikono yote miwili kidogo kuelekea kulia, V zote zielekee bega la kulia, ndipo uendelee na sura zinazofuata. Soma sura moja kwa siku, fimbo ikiwa mkononi. Na nunua cha karatasi: michoro ya Anthony Ravielli ndiyo nusu ya somo, na kwenye skrini ya simu mishale na mistari haionekani vizuri.

Chaguo langu kwa mtu wa handikapu 24 ni Little Red Book ya Harvey Penick (1992). Alikuwa mwalimu wa klabu huko Austin, Texas, na kitabu kimetokana na maandishi aliyoyaweka kwenye daftari lake kwa miaka mingi. Vipande vingine ni mistari michache tu, kwa hiyo hata mtoto akikuita majini hupotezi uzi. Penick anafundisha kuanzia kwenye shimo kurudi nyuma: kwanza kuputi (kuusukuma mpira uingie shimoni), kisha mapigo mafupi ya pembeni ya grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo), fimbo ndefu baadaye. Kuputi unaweza kufanyia mazoezi kwenye zulia la hoteli.

Every Shot Counts ya Mark Broadie (2014) kina hoja nzito: sehemu kubwa ya tofauti kati ya mchezaji bora na wa kawaida hutokana na mapigo ya umbali unaozidi yadi 100, si kuputi. Ila kimejaa majedwali. Kisome nyumbani, mezani, na kalamu.

Fimbo zikibaki, beba hadithi. The Greatest Game Ever Played ya Mark Frost (2002) inahusu US Open, mashindano ya wazi ya gofu ya Marekani, ya 1913 pale Brookline karibu na Boston, ambapo Francis Ouimet, mchezaji wa ridhaa wa miaka 20, aliwashinda Waingereza Harry Vardon na Ted Ray katika marudiano ya mashimo 18, kedi (mbeba fimbo) wake akiwa mtoto wa miaka 10. Ni kinene, kitakutosha wiki nzima. Mazungumzo mengine mwandishi ameyajenga mwenyewe, usiyanukuu kama ushahidi.

Unataka kucheka? P.G. Wodehouse, The Clicking of Cuthbert (1922), kipo bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg. Marekani kilitoka kwa jina la Golf Without Tears, kwa hiyo usije ukanunua kitabu kilekile mara mbili. Kiingereza chake ni cha zamani, hadithi mbili za kwanza zisome polepole.

Kwenye meza za mitumba, usiguse kitabu cha sheria kilichotoka kabla ya 2019. Muda wa kutafuta mpira ulipunguzwa kutoka dakika 5 hadi 3, na mpira unaporudishwa mchezoni kwa mkono sasa unaangushwa kutoka usawa wa goti, si bega. Sheria zikarekebishwa tena 2023, na toleo hilo linapatikana bure kwenye programu ya simu ya chombo kinachosimamia sheria za gofu, R&A.